Mashine ya Joto Tuliyoiita Koko

Juzi baridi ya kwanza ilipoingia, mwenzangu mmoja pale tunaposhonea nguo, Joubert Park, Johannesburg, alikivuta kihita cha feni kutoka chini ya meza, akakichomeka. Kiliguna, kikazunguka, kikatema harufu ya vumbi linaloungua, lile vumbi la mwaka mzima lililolala kwenye nyaya. Wenzangu walisogeza viti vyao karibu. Mimi nilijikuta nje, kwenye kona, mkasi mkononi, gauni la mteja begani, nahema kama nimefukuzwa na mbwa.

"Eish, wewe! Umeona nyoka?" walinipigia kelele kutoka ndani.

"Sijaona kitu. Acheni mlango wazi tu."

Walicheka, kwa sababu wananijua kuwa mtu wa kuchekacheka na kuota ndoto za mchana, si mtu wa kukimbia. Mlango waliuacha wazi, tukashona siku nzima na makoti. Jioni nikaona niandike, maana kusimulia kwa mdomo nitalia, na mimi nikilia sisemi tena.

Nilikuwa mdogo, wa kutumwa dukani lakini si wa kuvuka robot, zile taa za barabarani, peke yangu. Tuliishi Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, upande wa mbele wa nyumba kuukuu ya matofali mekundu yenye sakafu ya mbao. Ukitembea, sakafu inalia. Jumamosi za mbio tulisikia sauti ya mtangazaji kwenye vipaza sauti, haraka haraka kama mtu anayeungua ulimi, kisha watu wakipiga ukelele. Nilidhani wanashangilia jua linapotua.

Kwenye ukumbi mwembamba kulikuwa na kabati refu la bati, na ndani ya kabati hilo mlikuwa na mashine ya joto. Ilitumia gesi ya mitungi iliyosimama nje ukutani. Moto uliwaka ndani ya sanduku la chuma, feni kubwa ya duara ikavuta hewa kutoka sebuleni kupitia wavu wa chuma uliokuwa sakafuni, ikaipitisha kando ya lile sanduku, halafu ikaisukuma ikiwa moto kwenye mabomba ya bati chini ya mbao hadi vyumbani. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilijua kwamba kabatini anakaa mzee, kwa sababu Papa alimwita Koko, kama tunavyowaita babu zetu.

"Koko amelala," Papa alikuwa akisema. "Koko anakohoa." "Leo Koko ameamka na hasira."

Nikiamka asubuhi nilipita pale kabatini nikamwamkia. Mama alinisikia, akacheka hadi akakaa chini.

Papa alikuwa fundi wa friji kule Lubumbashi. Hapa Johannesburg alilinda jengo la ofisi Braamfontein, lakini mikono yake haikusahau. Mwenye nyumba alimwambia mashine ile haijawaka miaka mingi, na kama ataiwasha, basi ni yake. Papa aliifurahia kama mtu aliyerudishiwa shamba la baba yake. Majirani walijikunyata kwenye vihita vidogo, sisi tulitembea pekupeku kwenye mbao za joto. Wanafunzi wenzangu hawakuniamini. Niliwaambia kwetu sakafu inapumua.

Mwaka ule majira ya baridi yalipoanza, Koko aligoma. Umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, na kila uliporudi, kabati lilinguruma tu, mmm, mmm, bila upepo. Papa alifungua mlango wa bati, akaniita nimshikie tochi.

"Sikiliza. Mota inataka, lakini haiwezi. Ukisikia hivyo, ujue kuna kitu kimeishika shingo." Alichukua mwiko wa Mama wa kusongea bukari, ugali wetu, akausukuma mpini wake ndani, akaitekenya ile feni. Ikaanza kuzunguka polepole, kisha ikashika kasi. Tukapiga makofi.

"Mwiko wangu!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni.

"Koko naye anakula bukari!" Papa akajibu.

Lakini kila umeme ulipokatika ilibidi mwiko urudi kazini, na Mama akachoka. Papa akazima kila kitu, akaitoa feni nzima. Hapo ndipo tulipoona. Mama alikuwa msusi. Alisukia wateja palepale sebuleni, na vipande vya nywele za bandia vilivyoanguka vilivutwa na ule wavu wa sakafuni. Vilijaza chujio hadi likawa kama kofia ya manyoya, vingine vikapita, vikajisokota kwenye mhimili wa feni, vyeusi, vyekundu, vya dhahabu. Papa alivikata kwa wembe, akatia mafuta ya cherehani, akazungusha kwa kidole. Feni ikateleza bila sauti. Akatoka ukumbini na lile rundo la nywele mkononi, akamwendea Mama.

"Furaha, angalia. Umemsuka Koko."

Mama alicheka, lakini aliona aibu pia. Alikuwa mtu wa usafi. Siku ileile alichukua zulia letu nene, lile la maua, akalitandika juu ya wavu wa sebuleni ili nywele zisiingie tena. Hakumwambia Papa. Kwake ilikuwa kama kufagia tu, nani anatangaza kwamba amefagia?

Baada ya hapo Koko alianza tabia mpya. Feni ilizunguka vizuri, moto uliwaka vizuri, halafu baada ya muda kidogo, tik, moto ukazimika wenyewe. Ukingoja bati lipoe, unawaka tena. Kisha tik. Papa aligusa huku na huku, akapuliza, akasugua miguso ya nyaya kwa msasa. Akafika kwenye kidude kidogo kama kifungo cha koti kilichobanwa kwenye bati.

"Ni huyu," aliniambia. "Huyu anapima joto. Likizidi, anazima moto. Lakini ameshazeeka, anaogopa hata joto la kawaida."

Nilikichukia kile kidude. Nilikiona kama mtoto mchongezi darasani.

Wiki hiyohiyo zamu ya maombi ilikuwa kwetu. Kina mama wa kanisa letu, Wakongo karibu wote, walizunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi mchana, na kabla yake walifunga kula. Nyumba inayopokea ndiyo inayopika chakula cha kufungulia. Majira ya baridi yaliyotangulia, zamu yetu ilikuwa kabla Papa hajamwamsha Koko, na kina mama waliomba na mablanketi, na mmoja akasema njiani, kwa sauti ya kusikika, kwamba kwa Mama Furaha hata Roho anatetemeka. Mama hakulisahau hilo. Alibandika karatasi ya gundi kwenye nyufa zote za madirisha. Alipika sombe, kisamvu chetu, toka Ijumaa.

Asubuhi ya Jumamosi Koko akazima tena. Tik. Mama alisimama ukumbini, akatazama tu lile kabati. Papa alikuwa ameshavaa sare ya kazi. Alimtazama Mama, akavua kofia, akachukua kipande cha waya, akakiunganisha huku na huku ili umeme ukipite kile kidude kana kwamba hakipo. Moto ukawaka. Ukaendelea kuwaka.

"Leo bamama batavua masweta," alisema. Akanibusu utosini, akaenda zake kazini akipiga mluzi. Mama alimsindikiza hadi getini, jambo ambalo hakulifanya kila siku.

Sasa lazima niseme kuhusu kuanguka. Kwenye maombi yetu, Roho akimshukia mtu, huanguka. Wengine wanaimba, na aliye karibu anamfunika miguu kwa kitenge ili heshima yake isiguswe. Kumfunika mwenzio ni jambo kubwa. Mama wa rafiki zangu wote walikuwa wameanguka. Mama yangu, hata mara moja. Walisema ana roho ngumu. Mimi nilimuuliza siku moja akinisuka, akanivuta nywele kidogo: "Mi nasimama. Mungu ananiona hata nikisimama." Jibu zuri, lakini mimi halikunitosha. Kila nilipolala niliomba Mama aanguke. Niliiona kabisa picha yake, anashuka taratibu kama shuka inayotolewa kwenye kamba.

Kina mama walifika, wakavua masweta kweli. Wakapasifu kwetu. Mama Mchungaji, aliyewaongoza, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi, alisimama mbele ya tundu linalotoa joto, akafumba macho, akasema, "Mama Furaha, leo umetuweka Kinshasa." Mama alicheka na mabega yote. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wa nyuma ukiwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi wa mafuta, nikigeuza ndizi.

Waliimba, wakaomba. Mmoja akalalamika kichwa, wakamwambia ni mfungo, avumilie. Mwingine akakaa. Niliposikia wimbo wa kuangukiwa umeanza, niliacha ndizi, nikakimbia. Wadada wawili walikuwa chini. Mama Mchungaji aliketi ameegemea ukuta, mdomo unatabasamu, wimbo unamtoka vipande vipande. Na Mama yangu alikuwa katikati, juu ya lile zulia la maua, ananyoosha mkono kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Akaanguka.

Alishuka kwa upande, magoti kwanza, halafu bega, taratibu, kama nilivyoota. Uso wake ulikuwa na wekundu mzuri, uling'aa. Nilipiga kigelegele. Niliimba kwa nguvu kuliko wote, na wala sikujiuliza kwa nini wote walikuwa wanaimba kidogo hivyo. Nilichukua kitenge chake cha bluu, nikamfunika miguu vizuri, nikakunja ncha zake kama nilivyoona watu wazima wanavyofanya. Nilijisikia mrefu. Kisha kichwa changu kikawa kizito, nikaona si vibaya nikilala kidogo karibu naye.

Aliyefuata kuingia alikuwa Mama Riziki. Mama Riziki aliuza mboga kando ya barabara Rosettenville na hakuwahi kufika maombini kwa wakati. Walimtania kwamba hata mbinguni atakuta wanafagia. Alibisha mlango wa mbele, hakuna aliyefungua, akazunguka nyuma akitukana ndizi zangu zinazoungua.

"Weee! Mmeanza kula bila mimi?" Nilimsikia akija. "Mbona kimya? Mbona mmelala kama..."

Hakumaliza. Kilichofuata ni sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu.

"Mbaula! Hii ni mbaula!"

Kwetu hapakuwa na mbaula, lile debe la makaa ambalo watu huingiza ndani wakati wa baridi. Lakini Mama Riziki alikuwa amewaona majirani zake wa zamani wa vibandani wakibebwa asubuhi baada ya kulala na makaa, na wote nyuso zao zilikuwa nyekundu, nzuri. Alichukua sufuria ya sombe, moto hivyohivyo, akairusha dirishani. Kioo kikaruka, sombe ikatapakaa ukutani, baridi ikaingia kama maji. Alinishika mkono, akanitupa nje kwenye nyasi za manjano, akarudi. Akamtoa mtu. Akarudi tena. Alipiga ukelele hadi wanaume waliokuwa wanatoka kwenye mbio wakaruka ukuta kumsaidia, karatasi zao za farasi zikiwaponyoka mifukoni.

Kule nje wengine walianza kutapika na kulia. Mama Mchungaji aliita jina la mama yake mzazi. Mama yangu hakufanya chochote. Kitenge kilikuwa bado kwenye miguu yake, na Mama Riziki alikuwa karibu amempanda kifuani, anampiga makofi usoni, kulia, kushoto.

"Furaha! Furaha, weee! Rudi!"

Jamani, mimi nilikasirika. Mama amengoja miaka yote, leo Roho amemkumbuka, na huyu muuza kabichi mchelewaji anampiga! Nilijitupa juu yake, nikamng'ata mkono. Nilimng'ata kwa meno yote.

"Muache! Yuko na Roho! Muache!"

Hakunisukuma. Hata mkono hakuutoa. "Ning'ate, mutoto," alisema, anahema, anaendelea kumpiga kwa mkono wa pili. "Ning'ate sana. Mama yako hana Roho, mama yako ana gesi. Mama yako anakufa."

Uwanjani kwa farasi watu walipiga ukelele mkubwa wa kushangilia. Nililegeza meno. Nilimtazama Mama, na sijui niseme vipi, uso ulikuwa uleule, mzuri vilevile, lakini sasa niliuogopa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona.

Hospitali walimwekea kifuniko cha hewa usoni. Papa alifika na sare, kofia hana, kiatu kimoja kamba imefunguka. Daktari alimweleza kwamba moshi wa gesi hauonekani wala haunuki, unaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa, na kwamba wengine wote watapona lakini huyu alikuwa amevuta mwingi zaidi, hivyo tungoje. Papa alisikiliza akiitika kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Daktari alipoondoka, alikaa sakafuni, palepale kwenye ukumbi wa watu kupita.

"Mi niliweka waya," alisema. Hakuniambia mimi. Aliiambia mikono yake.

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia kazi yake. Nilikaa naye chini, nikamfunga kamba ya kiatu.

Mama alifumbua macho kesho yake, jua likiwa limeshaingia wodini. Alitazama dari, akamtazama Papa aliyelala ameketi, akanitazama mimi.

"Wageni walikula?"

"Hapana, Mama."

"Sombe yote ile?"

"Mama Riziki aliirusha dirishani."

"Na mi nilianguka?"

"Ndiyo." Na kwa kuwa nilikuwa mtoto, nikataka apate angalau hilo: "Ulianguka vizuri, Mama. Taratibu. Nikakufunika miguu. Nikaimba."

Kicheko kilimjia, kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kitu kingine. "Mliniimbia," alisema, bila hasira, kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba ya jirani. "Mi nakufa, ninyi mnaniimbia." Kisha alinishika kifundo cha mkono, akakaza. Muuguzi alipokuja kumpima, ilibidi amfungue vidole kimoja kimoja.

Aliporudi nyumbani, mwenye nyumba alikuja na fundi wa gesi. Mitungi ilikuwa imeshafungwa. Fundi aliingiza taa ndani ya lile sanduku la chuma, akazima tochi ya Papa, akatuambia tutazame. Mwanga ulipenya kwenye ufa mrefu, mwembamba, kama mstari wa kalamu. Moshi ulipitia hapo, feni ikautawanya nyumba nzima. Kabla hajauliza lolote kuhusu waya, Papa alisema, "Ni mimi. Nilidhani ile swichi ya joto imekufa."

Fundi alitembea hadi sebuleni, akakunja pembe ya zulia, akaukuta wavu chini yake. Akaliweka zulia pembeni polepole.

"Swichi haikufa," alisema. "Mashine ilikosa hewa ya kuvuta, chuma kikapata joto kupita kiasi. Swichi ilikuwa inawaambia."

"Zulia ni langu," Mama akasema.

Walitazamana, Papa na Mama, juu ya wavu ule. Mmoja alitaka nywele zisiingie kwenye mashine ya mume wake. Mwingine alitaka mke wake asione haya mbele ya wageni. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, si siku ile wala baadaye. Papa aliliegemea kabati kwa kiganja, kama unavyomshika mtu begani. Halikuwaka tena. Sikuliamkia tena.

Baada ya wiki kadhaa zamu ilifika kwa Mama Riziki, kwenye fleti yake ya juu Joubert Park, madirisha wazi, kina mama wote na makoti. Yeye mwenyewe alichelewa kufika kwake. Mkono wake ulikuwa na alama za meno yangu na aliwaonyesha watu: "Mtazame panya wa Mama Furaha!" Walicheka, nikajificha nyuma ya Mama.

Wakaomba. Katikati ya maombi mdada mmoja aliyumba, akaanguka. Mkono wa mtu ulikwenda kwenye kitenge, ukasimama hewani. Wimbo haukuanza. Wote walimtazama yule aliyelala. Mama alinisogeza pembeni, akapiga magoti, akaweka sikio lake karibu na mdomo wa yule mdada.

"Neema," akaita. "Neema, unanisikia?"

Neema akafungua jicho moja, kaudhika kabisa. "Jamani, Mama Furaha, niache! Niko na Roho."

"Nimekubali," Mama akasema, machozi yanamshuka, mkono wake umeshika shavu la mwenzake. "Endelea naye. Lakini niitikie tena."